Upepo Bila Salamu

Miezi minane Fidel Barasa alimsubiri Risper, na siku alipomwona alishindwa hata kumwambia habari yako.

Alikuwa ametoka Riyadh baada ya swala ya alfajiri, akimwendesha bosi wake Baba Fahad pamoja na mkewe na watoto watatu. Walipoingia Jeddah adhana ya alasiri ilikuwa inalia. Nyumba waliyofikia ilikuwa ya Madam Ibtisam, dada wa mke wa bosi, mjane aliyeishi na binti zake wawili. Fidel alikuwa anashusha masanduku uani mlango wa jikoni ulipofunguka, Risper Adoyo akatoka na sinia mikononi. Chupa ya chai, mkate, bakuli la maharagwe. Alivaa gauni la kazi la rangi ya samawati, kitambaa cha kichwa amekifunga nyuma ya shingo.

Macho yao yalikutana, yakaachana upesi, maana mke wa bosi alikuwa bado amesimama pale.

"Karibu Jeddah, dereva," Risper alisema kwa sauti ya kazi.

"Asante, dada."

Mke wa bosi aliingia ndani. Risper akapanga vyombo juu ya meza ndogo iliyokuwa mlangoni pa chumba cha madereva, na alipoinama kumimina chai sauti yake ilishuka.

"Umekonda."

"Ni safari tu."

"Safari ya siku moja haikondeshi mtu. Unakula lakini?"

"Nakula. Na wewe?"

"Mimi niko." Aliinua macho, na mara hii hakuyaondoa. Mlikuwa na tabasamu ndani yake ambalo Fidel alikuwa amelizoea kwenye simu tu. Moyo ulimwenda mbio kama mvulana wa sekondari, na yeye ni mtu wa miaka thelathini na mmoja. "Nilidhani ukifika nitakuwa na maneno mengi," Risper alisema. "Sasa nayatafuta siyaoni."

"Hata mimi."

"Fidel."

"Naam."

"Ile picha ya dirisha. Uliifuta, sivyo?"

Fidel aliinua kikombe akanywa, chai ikamchoma ulimi.

"Niliifuta."

"Afadhali. Wiki ile sikupata usingizi." Akachukua sinia lake, akarudi jikoni akitembea kwa wepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Fidel alibaki amesimama, uso ukimwaka moto. Hakuwa ameifuta.

Mambo yao yalianza Idi ya mwaka uliotangulia, mwaka 2015, Madam Ibtisam alipokwenda Riyadh kwa majuma mawili na kumchukua Risper awasaidie. Bosi alikaa mtaa wa Al-Murabba, na chumba cha Fidel kilikuwa kando ya lango. Ukutani alikuwa ametundika kalenda aliyopewa na duka moja la Batha linalouza vipuri vya magari ya Kijapani. Kila mwezi ulikuwa na picha ya wino mweusi, na kando yake mistari mitatu mifupi, Kijapani juu, Kiingereza chini.

Risper alileta chakula, akasimama mlangoni akiikodolea macho kalenda.

"Hawa wamekosea," alisema. "Picha ni ndoo na ufagio. Maneno yanasema dada hajajibu barua. Ndoo na barua wapi na wapi?"

"Hata mimi nilifikiri wamekosea. Nikafunua miezi yote kumi na miwili. Yote iko hivyo hivyo."

Kesho yake alirudi, na kabla hajaweka sahani chini akasema, "Nimeelewa. Picha ikishasema ndoo, maneno nayo yakisema ndoo, basi mmoja wao hana kazi pale. Hapa wameachana kidogo ili wewe unayetazama uingie katikati. Nimeosha jikoni yote nikifikiria huyo mtu. Anafagia ili asifikirie barua."

Fidel alimtazama, akasahau njaa. Tangu saa hiyo hakuweza tena kumwona kama msichana wa kazi wa jamaa za bosi.

Risper aliporudi Jeddah waliendelea kwa simu. Mmoja alipiga picha, mwenzake akaandika mistari mitatu, silabi tano, saba, tano, wakihesabu kwa vidole. Picha isielezwe. Hiyo ndiyo sheria waliyojiwekea. Risper aliwahi kutuma picha ya kandambili nyekundu mlangoni pa jikoni, na Fidel akaijibu:

*Simu ya mama*
*inakatika tena.*
*Chai yapoa.*

Risper hakuandika kitu siku nzima. Jioni akatuma neno moja tu: "Umenipata."

Na Fidel alipopiga picha ya vumbi la Riyadh lililofunika kioo cha mbele cha gari, jibu lilimkuta kwenye foleni ya petroli:

*Nimejifunza*
*kuhesabu kwa siku,*
*si kwa miezi.*

Aliisoma mpaka magari ya nyuma yakaanza kumpigia honi. Hapakuwa na neno la mapenzi hata moja mle, lakini Fidel alijua hakika kwamba amependwa. Miezi ile ilikuwa ni ya kungoja safari ya Jeddah.

Kisha ukaja mwezi wa Machi, na dirisha.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote. Risper alikuwa amepiga dirisha la sebule ya juu kwa Madam Ibtisam, pazia jeupe limejaa upepo, vikombe viwili vya kahawa kwenye sinia. Fidel aliandika maneno yake palepale, akamtumia Risper. Halafu akafanya jambo ambalo Risper alikuwa amemkataza tangu mwanzo. Alikuwa kwenye grupu la WhatsApp la Wakenya wa Ghuba waliocheza mchezo huohuo, likiongozwa na Jeremiah, mlinzi wa Dammam. Fidel aliandika maneno juu ya picha, chini yake akaweka "Picha na maneno: Mwana wa Bungoma", akaitupa kwenye grupu. Alijiambia ameficha jina la Risper ili kumlinda.

Kabla ya kuituma alikuwa ameona kitu. Kwenye kioo cha dirisha, upande wa kushoto, palionekana kivuli cha mwanamke ameketi, nywele zimemwagika mabegani, hana habari. Fidel alimwona vizuri. Alimwona, akafikiri: huyu ndiye anayeifanya picha iwe hai.

Baada ya saa mbili ujumbe wa Risper uliingia. "Fidel nimeangalia tena. Madam anaonekana kwenye kioo, hajajifunika. Futa tafadhali. Ni makosa yangu."

Wakati huo watu sitini walikuwa wamemsifu. Jeremiah alikuwa ameitangaza picha ya mwezi na kuipandisha Facebook. Miaka mitano Saudia, hakuna mtu aliyewahi kumsifu Fidel kwa jambo lolote isipokuwa kuegesha gari. Alisoma sifa zote mpaka mwisho. Halafu akamjibu Risper.

"Nimefuta."

*

Siku ya pili yake Jeddah, baada ya swala ya alasiri, Baba Fahad alimwita kutoka uani. Fidel alidhani wanatoka, akachukua funguo za gari.

Madam Ibtisam alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango, amevaa abaya, uso amefunika, macho tu yanaonekana. Mkononi alishika simu. Risper alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyetolewa darasani. Alipomwona Fidel alitazama pembeni.

"Fidel, wewe unajua lugha yao," Baba Fahad alisema kwa Kiarabu. "Hebu soma hapa. Pameandikwa nini?"

Fidel aliichukua simu. Lilikuwa dirisha. Lilikuwa pazia jeupe, vikombe viwili, na maneno yake kwa herufi nyeupe alizozichagua mwenyewe kwa muda mrefu.

Ilivyokuwa ni hivi. Magdaline, Mkenya aliyefanya kazi nyumba ya jirani, aliiona picha Facebook, akalitambua dirisha, akamwonyesha madam wake akicheka. Madam wake hakucheka. Aliyaona yaliyomo kwenye kioo, akampelekea Madam Ibtisam.

"Soma kwanza kwa lugha yenu," Madam Ibtisam alisema. Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililomtisha Fidel. "Nataka kusikia walichosema juu yangu."

Alisoma.

"Pazia tupu. Upepo umekuja bila salamu."

Risper alifumba macho. Maneno hayo alikuwa ameyapata yeye kwenye simu yake, siku ileile ya Machi, na chini yake pameandikwa *yako peke yako.*

"Kwa Kiarabu," alisema madam.

Fidel alitafsiri neno kwa neno. Alipofika kwenye "bila salamu" sauti ilimpungua, ikabidi arudie.

Madam Ibtisam aliichukua simu yake. "Bila salamu," alisema. "Huyu mtu hakudanganya. Ameingia nyumbani kwangu bila salamu, akaketi, akanitazama nywele. Nina binti wawili humu. Siku hiyo ningeweza kuwa mimi, ningeweza kuwa wao."

Fidel hakuweza kuyatazama yale macho. Mwanamke huyu aliyejisitiri mbele yake, yeye Fidel alikuwa amekwisha kumwona bila stara, na mwenyewe hajui kwamba anaongea na mtu aliyemwona.

"Ni nani huyu, Mwana wa Bungoma?" Baba Fahad aliuliza. "Unamjua?"

Ilikuwa nafasi yake. Risper alifumbua macho, akamtazama. Hakumsihi wala hakumtisha. Alimtazama kama mtu anayesimama kando ili mwenzake apite mlangoni kwanza.

Fidel aliiona ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ikifutwa. Akamwona mama yake Bungoma akiulizwa na majirani mtoto amerudi kwa nini. Akatazama viatu vyake.

"Mafi maalum, Baba," alisema. "Sijui."

Madam akamgeukia Risper.

"Hii picha ulipiga wewe. Ulimtumia nani?"

"Nilimtumia mtu niliyemwamini, madam."

"Jina lake."

Risper alijibu kwa Kiarabu chake cha jikoni, polepole, ili asikosee. "Jina lake silijui tena."

"Basi halas," alisema Madam Ibtisam. "Lete simu yako. Kesho utarudi kwa ofisi iliyokuleta." Akaingia ndani, na abaya yake ikamfuata nyuma bila kelele.

*

Fidel alimkuta nyuma ya jikoni akianua shuka. Alikuwa anazikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama ataendelea kukaa katika nyumba ile miaka kumi.

"Risper."

Hakugeuka.

"Risper, nisikilize. Nilitaka kuifuta. Nilikuwa nimeshaituma kabla hujaniandikia, halafu watu..."

"Uliniambia nimefuta."

"Nilisema."

"Na jana, hapo mlangoni. Nilikuuliza ukiwa mbele yangu, ukinywa chai yangu. Ukasema niliifuta."

"Nilisema."

Aliitupa shuka kwenye kapu, akageuka. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Fidel angependa kumwona akilia. Mtu anayelia unaweza kumfuta machozi.

"Unajua ni nini kimeniuma?" Risper alisema. "Si kurudishwa. Nikirudishwa nitatafutiwa nyumba nyingine au nitaenda kwetu Kendu Bay nikauze samaki. Kilichoniuma ni wewe kusimama pale ukitafsiri. Unatafsiri maneno yako mwenyewe kama ya mtu mwingine. Niliona aibu, Fidel. Si yangu. Nilikuonea wewe aibu, mpaka nikafumba macho nisikuone."

Risper aliondoa shuka ya mwisho kwenye kamba.

"Dada yangu Eucabeth aliniambia. Aliposikia habari zako alisema, Risper, mwanaume wa kwenye simu ni sauti tu, hujui akiitwa atasimama wapi. Nikamkasirikia. Wiki tatu sikumpigia. Dada aliyenilea, Fidel, aliyeacha shule ili mimi nisome, nilimnunia kwa ajili yako."

"Mwambie..."

"Nimwambie kwa kitu gani? Simu sina." Akajitwika kapu. "Na lile jina ulilojiita. Picha na maneno, Mwana wa Bungoma. Picha pia ulipiga wewe?"

Alipita karibu naye kiasi kwamba shuka zilimgusa bega. Zilikuwa bado na joto la jua. Mlango wa jikoni ukafungwa.

Fidel alibaki pale akitazama kamba tupu ya nguo. Alikuwa amewahi kuona aibu maishani, kama kila mtu. Aliwahi kuanguka mtihani, aliwahi kukataliwa na msichana kanisani mbele ya watu. Lakini hizo zilikuwa aibu za kuonwa na wengine. Kwa hii hapakuwa na mtu wa kumkimbia, maana aliyemwona alikuwa ni yeye mwenyewe. Hata angekimbilia wapi angejikuta amefika naye.

*

Baba Fahad alikuwa kwenye bomba la uani akitawadha kwa ajili ya magharibi. Fidel alisubiri mpaka akamaliza miguu.

"Baba, nimekudanganya."

Bosi aliinua kichwa. "Kuhusu gari?"

"Si gari. Ni ile picha. Mwana wa Bungoma ni mimi."

Maji yaliendelea kutiririka. Baba Fahad alifunga bomba, akajipangusa uso kwa ukingo wa shemagi yake, kile kitambaa cha kichwani. Miaka mitano waliyokaa pamoja, Fidel alikuwa amemwona akikasirika mara nyingi. Hakuwa amewahi kumwona akiwa mzee, kama alivyoonekana sasa.

"Watoto wangu unawapeleka shule wewe," alisema. "Mke wangu anakaa nyuma ya kichwa chako kila siku. Subiri niswali."

Baada ya swala walisimama tena uani, watu walewale, kila mtu mahali pake. Risper aliitwa. Alikuja na unga mikononi, akasimama ukutani.

Fidel alisema yote. Alisema jinsi walivyoanza na kalenda, na jinsi picha na maneno vinavyokwenda pamoja, na kwamba hapakuwa na jambo la haramu kati yao. Kisha akafungua simu yake akatafuta mazungumzo ya Machi.

"Hapa ndipo aliponiandikia," alisema. Akatafsiri, na mara hii hakupunguza sauti. "Fidel, nimeangalia tena. Madam anaonekana kwenye kioo, hajajifunika. Futa tafadhali. Ni makosa yangu."

"Na wewe ukajibu nini?" aliuliza Madam Ibtisam.

Jibu lenyewe lilikuwa neno moja tu, na ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

"Nilijibu, nimefuta."

"Ulikuwa umefuta?"

"Hapana, madam."

"Uliniona kwenye kioo kabla hajakwambia?"

Fidel angeweza kusema hapana. Hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Nilikuona," alisema.

Risper, pale ukutani, alishusha pumzi. Hili hata yeye hakulijua.

"Kwa nini basi? Walikulipa?"

"Hapana, madam. Walinisifu."

Binti mmoja wa nyumba alichungulia dirishani, mama yake akamwashiria aondoke. Alipoongea tena Madam Ibtisam hakumwelekea Fidel, alimwelekea Risper.

"Ulijua nimeonekana, hukuniambia."

"Niliogopa, madam."

"Kuogopa si sababu. Ungeniambia siku ile, ningepiga kelele, halafu yangekwisha. Lakini ulitaka kunisitiri, nami sijui. Mtu wa namna hiyo simrudishi ofisini. Utabaki. Simu hutakuwa nayo mpaka nitakapoona inafaa. Na nyumba yangu haipigwi picha tena, hata kijiko."

"Ndiyo, madam. Nisamehe."

"Nitajaribu." Ndipo alipomgeukia Fidel. "Na wewe, utaifuta sasa?"

"Nimempigia kiongozi wa grupu. Ameiondoa."

"Na macho ya walioiona? Hayo utayafuta kwa kitu gani?"

Fidel alisimama ameinamisha kichwa mpaka alipoambiwa aondoke. Baba Fahad alimfuata hadi mlangoni pa chumba cha madereva.

"Utatufikisha Riyadh," alisema. "Halafu nitakutengenezea karatasi zako, utaenda kwenu. Kama ungesema nilipokuuliza, pengine ningesema maneno mengine. Ulisimama mbele yangu ukanitafsiria kama mgeni."

"Ndiyo, Baba."

"Sikuchukii. Lakini huwezi kukaa."

*

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Masanduku yalikuwa yamekwisha kupakiwa Madam Ibtisam alipotoka kwenye ngazi, akamwita Risper, akasema kwa sauti ambayo Fidel aliisikia, "Dakika tano. Hapo nikiwaona."

Risper alikuja hadi karibu na gari, akasimama hatua tatu mbali. Alikuwa ameosha uso, na kitambaa alikifunga upya. Fidel alimtazama kama mtu anayejaribu kukariri.

"Nashukuru," Risper alisema. "Umesema."

"Usinishukuru. Nilichelewa."

"Ulichelewa. Na lile la kumwona madam kwenye kioo, hukuwa na haja ya kulitaja."

"Nilikuwa na haja."

Risper alitikisa kichwa kidogo, akatazama mikono yake. "Niliumia upya uliposema hivyo. Lakini pia ndipo nilipokutambua."

"Umenisamehe?"

"Bado." Alilisema kwa upole, na upole huo ulimkata Fidel kuliko ukali wa juzi. "Sitaki kukudanganya, tumedanganyana vya kutosha. Ninapokukumbuka naanza kucheka, halafu nakuona pale umeshika simu ya madam, na kicheko kinakufa. Sijui kitaacha kufa lini."

"Mkataba wako unaisha mwakani, mwezi wa nane. Nikusubiri?"

"Usinisubiri kwa kukaa." Aliinua uso. "Nenda Kendu Bay. Mtafute dada yangu Eucabeth, anauza omena sokoni, kila mtu anamjua. Atakuwa na wasiwasi, simu yangu imezimwa. Mwambie niko salama. Halafu mwambie ulichonifanyia, kwa mdomo wako."

"Yote?"

"Yote. Sitaki ayasikie kwangu mimi nikiwa nimekupunguzia makosa."

Fidel alijiona amesimama sokoni mbele ya mwanamke asiyemjua, wateja wakisikiliza. "Atanifukuza, Risper."

"Atakufukuza," alikubali. Pembe ya mdomo wake ilitetemeka, na Fidel hakujua kama ni kicheko au kilio. "Mara ya kwanza."

Madam Ibtisam alipiga kofi moja jepesi la kuonyesha dakika zimekwisha. Risper aligeuka akarudi jikoni, na hakutazama nyuma.

Fidel alishika usukani. Baba Fahad alikaa mbele karibu naye, mkewe na watoto nyuma, na hakuna aliyezungumza mpaka walipouacha mji. Njia ya Riyadh ilikuwa ndefu na nyeupe kwa jua. Alianza kutafuta sentensi ya kumwambia Eucabeth. Dada, mimi na Risper tulikuwa tunapendana, halafu kukatokea kutoelewana. Hiyo aliiacha walipopita Taif. Dada, kuna picha ilisambaa kwa bahati mbaya. Hiyo nayo aliiacha kwenye kituo cha mafuta, akisimama kando ya gari akiona haya peke yake, mtu wa pampu akimwangalia. Kila sentensi aliyoianza ilikuwa na mahali pa kujificha. Aliendesha, akaanza upya, akaendesha. Watoto walilala, wakaamka, wakaomba maji.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka, na mabango ya Riyadh yameanza kuonekana, alipoipata. Aliisema kimoyomoyo mara mbili, halafu mara ya tatu midomo yake ikaitamka kwa Kiswahili, na Baba Fahad akamtazama bila kuuliza kitu.

"Dada, naitwa Fidel. Nilimdanganya mdogo wako, na nilifanya hivyo ili nisifiwe."